Kusoma Bahari Kabla ya Kung'oa Nanga: Mwongozo Kamili wa Upepo, Maji na Mawimbi ya Pwani Yetu

Siku niliyokaribia kuzama, upepo haukuwa mkali. Simu ilionyesha kilomita 22 kwa saa na wimbi la mita moja, siku ya kawaida kabisa. Tulikuwa wanne kwenye boti ya faiba, tunarudi Pangani kutoka Unguja, saa sita mchana, siku ya nne baada ya mwezi mpevu. Tulipoukaribia mlango wa mto tukaona povu jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yalikuwa yanapwa, mto wote unamiminika baharini, na upepo wa bahari unayasukuma maji hayo hayo yarudi ndani. Pale vilipokutana, lile wimbi la mita moja lilisimama wima na kuvunjika juu ya fungu la mchanga. Mimi nilitaka tupite. Mzee tuliyekuwa naye akasema neno moja tu, "Ngoja," akatupa nanga nje, kwenye kina.

Tulingoja saa tatu. Upepo ulizidi, haukupungua. Lakini ilipofika saa tisa maji yalikuwa yameshageuka, yanajaa, yanakwenda njia moja na upepo, na mlango ule ule tuliuingia bila hata kulowa.

Tangu hapo swali langu haliishii kwenye ukali wa upepo. Nauliza: upepo huu unakutana na maji gani? Mwongozo huu unafuata swali hilo hatua kwa hatua, kwa bahari ninayoijua, yaani mwambao kutoka Lamu hadi Mtwara na visiwa vyake. Ni wa mvuvi mwenye boti ndogo, anayevusha mizigo, anayepeleka wageni kuzamia, hata abiria anayetaka kujua kwa nini leo safari imeahirishwa.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye upepo wa msimu gani

Pwani yetu ina pepo kuu mbili, na karibu kila kitu kingine kinazifuata.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Huja na joto na anga safi. Mara nyingi ni upepo wa wastani, ingawa Januari na Februari alasiri huweza kukaza. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, ukianza Aprili au Mei na kuisha Septemba au Oktoba. Kilele chake ni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, na hapo ndipo bahari huchafuka siku nyingi mfululizo. Kusi hauvumi peke yake. Huleta pia mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali sana kusini mwa Bahari ya Hindi, ambayo hufika pwani yetu hata siku ambayo hapa hakuna upepo wa maana.

Katikati ya misimu hiyo kuna maleleji, siku za pepo zisizotulia, ambazo wengine huziita tanga mbili. Oktoba na Novemba upepo huelekea kutoka mashariki, ndio matlai. Nakutahadharisha kuhusu majina haya: baharia wa Pemba na wa Lamu wanaweza kutumia neno moja kwa mambo mawili tofauti. Kwa wengine matlai ni msimu, kwa wengine ni upepo wa asubuhi tu. Ukiambiwa jina la upepo, uliza unatoka wapi.

Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi. Watu wengi wanaijua habari hiyo, ila wanasahau nusu yake ya pili: manahodha hawakurudi na kusi ya wakati wowote. Waliondoka unapoanza, au walingoja uanze kulegea, karibu na Agosti na Septemba. Katikati yake waliuheshimu, wakakaa bandarini. Watu waliokuwa na mbao, tanga na nyota tu walijua kwamba upepo unaokwenda kwenu si lazima uwe upepo wa kusafiria. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Julai ni kitovu cha kusi.

Hatua ya 2: Gawa siku yako kwa saa

Ndani ya msimu kuna siku, na siku nayo ina pepo zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, upepo mwanana ukatoka bara kwenda majini. Huo ndio umande. Jua likipanda, ardhi hupata moto, upepo ukageuka kutoka baharini na kukua hadi alasiri. Wavuvi wa ngalawa wameishi kwa zamu hii: hutoka na umande alfajiri na kurudi na upepo wa bahari mchana, tanga limejaa safari zote mbili.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Upepo wa msimu na upepo wa kutwa hujumlishwa. Siku ya kusi, asubuhi umande huupunguza makali karibu na pwani, na unaweza kudhani bahari ni shwari. Ikifika saa tano au sita upepo wa bahari unaungana na kusi, ukakutana na bahari nyingine kabisa. Nikisikia mtu anasema "asubuhi palikuwa pametulia," najua habari inayofuata. Kwa boti ndogo, safari ya kwenda ing'oe nanga mapema, na utabiri unaouamini uwe wa saa utakayokuwa katikati ya njia.

Hatua ya 3: Hesabu mwezi

Hapa ndipo penye mengi, na ni hesabu ambayo haihitaji intaneti.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji makubwa, na kilele chake hasa huja siku moja au mbili baadaye. Siku hizo tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi karibu 4. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, tofauti ikashuka hadi kama mita moja.

Sasa shika hii moja, itakufaa maisha: katika sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya, siku ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana siku za bamvua unawaona akina mama wa mwani na wachokozi wa pweza wako mbali kabisa kwenye mwamba katikati ya asubuhi.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Chukua saa kumi, ongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita tangu mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku ya nne ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20, kwa hiyo maji yatajaa kama saa moja na dakika 20 asubuhi na kupwa kama saa saba na nusu mchana. Rudi kwenye kisa changu cha mwanzo: saa sita mchana, siku ya nne. Jibu lilikuwa angani usiku uliotangulia, nami sikulitazama. Hesabu hii ni ya kukadiria, inaweza kukosea nusu saa au zaidi, basi ukiwa na jedwali la maji la bandari yako litumie hilo.

Kujua saa ya kujaa hakutoshi, lazima ujue maji yanakwenda kasi lini. Hayashuki sawasawa. Gawa tofauti ya maji katika mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza yameshuka sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja imeondoa sentimita 90. Hizo saa mbili za kati ndizo mkondo wa mlangoni hukimbia kuliko saa zote. Siku ya bamvua usiupite mlango mwembamba wa mwamba wala mlango wa mto katika saa hizo ikiwa upepo unakuja dhidi ya maji.

Kuna jambo la kina pia. Wimbi huvunjika likifika mahali ambapo kina ni kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita moja na nusu litavunjika kwenye maji ya mita mbili hivi. Fungu lililo mlangoni kwenu, maji yakijaa, lina mita nne na wimbi hilo linapita juu yake kimya. Maji yakipwa lina mita moja na nusu, na wimbi lile lile linakuangukia. Wageni wengi hupatwa na hili: mlango walioupita asubuhi kwa raha wanaurudia mchana wakiuamini.

Hatua ya 4: Ujue mkondo mkubwa

Mbali na maji ya kujaa na kupwa, kuna mto ndani ya bahari. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unatiririka kwenda kaskazini mwaka mzima, sambamba na mwambao wa Tanzania hadi Kenya. Wakati wa kusi upepo unausukuma kwa nyuma, na mahali pengine kasi yake hufika noti 4. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, basi noti 4 ni zaidi ya kilomita 7 kwa saa, kasi inayomshinda mtu anayetembea kwa haraka. Wakati wa kaskazi hupungua, kisha huko juu, kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Somalia, hukutana na mkondo wa Somalia unaoteremka, na yote miwili hugeukia mashariki kwenda bahari kuu.

Linganisha na swali letu. Kusi una nguvu zaidi, lakini kwenye maji ya wazi unakwenda njia moja na mkondo, kwa hiyo mawimbi yake ni makubwa na marefu, yenye nafasi kati yao. Kaskazi ni mpole, ila unavuma dhidi ya mkondo unaopanda. Siku kaskazi ikikaza, mawimbi huwa mafupi, yamebanana, boti inapiga tumbo kila sekunde chache. Kwa hiyo usimdharau kaskazi kwa sababu namba yake ni ndogo, hasa kwenye mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, ambao una vilindi vya mamia ya mita na hakuna mwamba wa kukukinga.

Hatua ya 5: Soma utabiri kama barua, mstari kwa mstari

Kwa Tanzania chanzo cha kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kwa Kenya ni Idara ya Hali ya Hewa. TMA hutoa tahadhari kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Lugha yake utaizoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani, kisha mikoa inatajwa, Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Lindi, Mtwara, na Unguja na Pemba. Angalia kama mkoa wako umo. Angalia na mkoa unakokwenda, na ule wa kupitia.

Kilomita 40 kwa saa ni noti 21 na kitu. Kwa upepo huo bahari imejaa mapovu meupe na mawimbi yanaanza kurefuka. Meli inapita, boti ya mita saba haina kazi huko. Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo haiongezeki kama namba zake: upepo wa kilomita 40 unasukuma mara nne ya upepo wa kilomita 20. Mawimbi nayo vivyo hivyo, wimbi la mita 2 lina nishati mara nne ya wimbi la mita moja.

Namba inayowapoteza wengi ni kimo cha wimbi. Utabiri ukisema mita 1.5, hiyo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Yako mengi madogo kuliko hapo, lakini katika saa chache utakazokuwa baharini, kuna moja au mawili yatakayokaribia mara mbili ya namba hiyo. Jiulize kama boti yako inaweza kulipokea wimbi la mita 3 mara moja. Kama jibu ni hapana, mita 1.5 si bahari yako.

Namba ya pili, ambayo wengi hawaitazami, ni muda kati ya wimbi na wimbi, kwa sekunde. Programu za simu kama Windy na Windguru huionyesha. Mita 1.5 kwa sekunde 12 ni mgongo mrefu unaokupandisha na kukushusha polepole, umbali wa zaidi ya mita 200 kati ya kilele na kilele. Mita 1.5 kwa sekunde 5 ni mita 40 tu kati yake, na hapo unakula maji usoni. Ila wimbi refu lina ujanja wake: kilindini halina neno, likifika kwenye mwamba au fungu linainuka ghafla. Sekunde 12 na zaidi, ogopa mlango kuliko njia.

Programu hizo ni nzuri kwa kuona siku tatu nne mbele, lakini zinaigawa bahari katika miraba ya kilomita nyingi. Mlango wa mto wenu haumo humo. Mkondo wa maji yanayopwa haumo. Zikikupa hali nzuri huku TMA imetoa tahadhari, fuata TMA. Zikikupa hali mbaya na TMA iko kimya, ngoja toleo linalofuata. Nusu siku ya kungoja ni bei ndogo.

Hatua ya 6: Vimbunga, hata kama wazee walisema havifiki

Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na kinahitaji kuwa mbali kiasi na ikweta, nyuzi 5 za latitudo hivi, ili kiweze kuzunguka. Ndiyo maana Mombasa na Lamu ziko salama zaidi kuliko Lindi na Mtwara. Msimu wake kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na kituo kinachovifuatilia na kuvitolea taarifa kiko kisiwa cha La Réunion.

Kwa muda mrefu Zanzibar iliaminika kuwa nje ya njia ya vimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja meli za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba iliponea, na hiyo ni sababu mojawapo karafuu leo ni ya Pemba. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Kisha Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati kalenda ya vimbunga ilikuwa imeshafungwa.

Kwa baharia kanuni ni tatu. Kwanza, kimbunga kikitajwa popote kati ya Madagaska, Komoro na pwani yetu, usipange safari ya zaidi ya saa chache, fuata kila toleo la TMA, maana njia yake hubadilika ndani ya siku moja. Pili, mawimbi marefu mazito yakianza kuingia kutoka mashariki au kusini-mashariki katika msimu wa kaskazi, na hakuna upepo wa kuyaeleza, kuna kitu mbali kinayatuma. Tatu, ukikutwa nje, upe upepo mgongo: upande wetu huu wa ikweta kitovu cha tufani kitakuwa mkono wako wa kulia. Hiyo itakusaidia kujua pa kutoelekea. Boti ndogo zivutwe nchi kavu, juu ya alama ya bamvua, zifungwe kwenye mti na kujazwa mchanga au maji ili zisipeperuke.

Hatua ya 7: Weka yote pamoja, kisha uamue

Chukua safari ya Pangani hadi Nungwi, karibu kilomita 50 kuelekea kusini-mashariki.

Tuseme ni Julai, mwezi mpevu. Hakuna tahadhari. Upepo kilomita 30 kwa saa kutoka kusini-mashariki, wimbi mita 1.5 kwa sekunde 6. Maji yanajaa saa kumi alfajiri, kwa hiyo ukitoka saa kumi na moja mlangoni bado kuna kina na maji hayajaanza kukimbia. Vizuri. Lakini baada ya hapo upepo na wimbi viko usoni njia nzima. Boti inayokwenda kilomita 18 kwa saa itashuka hadi 12. Mkondo wa noti 2 kwenda kaskazini unakurudisha nyuma kwa zaidi ya kilomita 2 kwa saa. Safari ya saa tatu imekuwa zaidi ya saa tano, mafuta karibu mara mbili, na unafika saa nne na ushee, maji yamepwa kabisa na upepo wa bahari umeanza kuungana na kusi. Zaidi ya hayo mkondo ule ule unakupeleka kando: ukiielekeza boti moja kwa moja Nungwi bila kufidia, utajikuta kaskazini ya kisiwa, kwenye maji ya wazi kati ya Unguja na Pemba. Huo ndio mkondo wa Nungwi, ambako MV Spice Islander I, iliyopakia watu kupita kiasi, ilizama tarehe 10 Septemba 2011. Jibu langu kwa siku hiyo: siendi. Hakuna namba hata moja iliyotisha, ila zikijumlishwa hazilipi.

Sasa Februari, mwezi mpevu tena, kaskazi kilomita 15 kwa saa asubuhi, wimbi sentimita 70. Upepo unakuja ubavuni, mkondo umelegea. Unatoka saa kumi na moja, mwezi bado unang'aa magharibi, unafika kabla ya saa mbili na nusu. Kurudi, ng'oa nanga saa saba mchana: utaukuta mlango wa Pangani saa kumi, maji yamejaa, upepo na maji havigombani. Hiyo ni siku.

Mafuta yagawe mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, moja usiliguse.

Hatua ya 8: Ukiwa majini, endelea kusoma

Utabiri ni wa jana, na unachokiona mbele yako ni cha sasa. Mapovu meupe machache, hapa na pale, ni upepo wa noti 7 hadi 10. Yakiwa kila mahali umeshafika noti 17 na zaidi, na kwa boti ndogo huo ndio wakati wa kugeuka, ukiwa bado una uamuzi.

Wakati wa masika na vuli angalia wingu jeusi lenye tako lililonyooka na pazia la mvua chini yake. Kabla ya mvua huja pumzi ya upepo wa baridi, na juu ya maji unaona mstari mweusi unaokukimbilia. Una dakika chache tu. Wenye tanga walishushe mara moja, pamoja na foromali, ule mti unaolibeba, na vyote. Wenye mashine punguza mwendo, elekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo, kidogo upande, wala usiupe ubavu. Watu wakae chini, katikati, mizigo ifungwe, mtu mmoja kazi yake iwe kufua maji, yaani kuyatoa botini, na si nyingine. Dhoruba za namna hiyo nyingi huisha ndani ya nusu saa. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja.

Ukirudi na wimbi nyuma yako, usishindane nalo wala usilipande na kuteremka nalo kwa kasi, maana tezi, yaani nyuma ya boti, itageuka na boti italala ubavu. Kaa mgongoni mwa wimbi lililotangulia. Mlangoni simama nje kwanza, hesabu mawimbi kwa dakika kumi. Huja kwa makundi, makubwa matatu manne, kisha nafasi. Ingia na nafasi. Isipopatikana, fanya alivyofanya yule mzee.

Jaketi okozi lisilovaliwa ni mzigo. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, kama unayo, iache kwenye chaneli 16, ya wito na dharura. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji, ikiwa imechajiwa. Na kabla hujasukuma boti, mwachie mtu mmoja wa nchi kavu mambo matano yaliyoandikwa kwenye karatasi: namba ya boti, idadi ya watu, saa ya kuondoka, unakokwenda, na saa ambayo, asipokusikia, aanze kupiga simu bandarini. Saa hiyo iwe ya kweli, pamoja na zile saa tatu unazoweza kuzingoja nje ya mlango.